Mzee Mwinchumu na Mwavuli wa Jumbe

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitikia kivivu kama watu walioshiba. Na wewe uliyejiegemeza mlangoni, wewe hata mdomo hukuufungua, nimekuona. Tuanze upya. Paukwa!

Pakawa!

Hapo sawa. Leo nina jibu la pili la kuwafundisha, maana hadithi hii haiendi bila ninyi. Nikisema, "Kivuli hicho!" ninyi mseme, "Kipite!" Tujaribu. Kivuli hicho!

Kipite!

Vizuri. Sasa nyamazeni.

Hapo zamani za kale, kabla ya miavuli hii ya dukani inayofunguka pwaa na kugeuka ndani nje upepo ukija, palikuwa na kijiji. Kilikuwa ng'ambo hii ya mto, penye mashamba ya mpunga. Jua la huko lilikuwa jua. Mvua ya huko ilikuwa mvua. Jua likiwaka, watu walijitia upande wa ukuta wenye kivuli. Mvua ikinyesha, huyu anakata jani la mgomba, yule anajifunika ungo, mwingine anakimbia tu, tapu tapu tapu, mpaka nyumbani.

Na mwavuli ulikuwepo, lakini ulikuwa mmoja. Kijiji kizima, mwavuli mmoja. Ulikuwa wa Jumbe.

Mwavuli wenyewe ungeuona ungeupenda. Ulisukwa kwa miyaa, ukili baada ya ukili, ukashonwa kwa mzunguko kama mkeka ulioamua kuwa duara. Ndani ulishikwa na vijiti vya mwanzi. Pembezoni ulikuwa na pindo la nguo nyekundu, na kwenye pindo zilining'inia kauri, zikipigana kila hatua: cheke, cheke, cheke. Mpini wake ulikuwa wa mpingo, mrefu kuliko mwanamume, na mzito. Kila mwaka wanawake waliufumua mahali palipochakaa wakaushona tena, na hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kusimama chini yake, waliukaribia tu siku ulipokuwa umelala kwenye mkeka ukishonwa.

Maana ulikuwa na sheria zake. Ya kwanza: aliye chini ya mwavuli, neno lake halipingwi. Ya pili: mwavuli ukipita, kila mtu atupe jani lake la mgomba na kushusha ungo wake, pasiwe na kivuli kingine njiani. Ikawa siku ya mvua Jumbe akitembelea kijiji, kijiji kizima kinalowa chapachapa, isipokuwa mtu mmoja.

Mtu huyo mmoja alikuwa Jumbe Mwinyipembe. Sikilizeni, msimchukie mapema. Hakuwa mwizi. Hakuwa na mkono wa kupiga. Alikuwa tu mtu ambaye tangu azaliwe hajawahi kulowa. Aliupenda mwavuli wake kupita kiasi. Akila, mwavuli juu. Akinyolewa, mwavuli juu, na kinyozi anahangaika kutafuta kichwa gizani. Kuna waliosema hata ndani ya nyumba, chini ya makuti, aliamuru ushikwe. Hilo mimi sikuliona, lakini simkatalii mtu.

Mshika mwavuli alitembea nyuma yake, mkono umenyooshwa mbele, yeye mwenyewe juani. Na kila walipokaribia watu aliita: Kivuli hicho!

Kipite!

Ndiyo. Na watu wakapisha.

Katika kijiji hicho aliishi Mzee Mwinchumu. Mzee huyu alikuwa ameushika mwavuli kwa babu yake Jumbe akiwa kijana, akaushika kwa baba yake Jumbe akiwa mtu mzima, na Jumbe Mwinyipembe mwenyewe alimshikia mpaka mkono ukakataa. Bega lake la kulia lilikuwa limepanda juu, la kushoto limeshuka, na uso wake ulikuwa mweusi kwa jua upande mmoja zaidi kuliko mwingine. Watoto wakimuuliza, "Babu, mbona umepinda?" alijibu, "Sijapinda. Dunia ndiyo imelala upande."

Alikuwa mcheshi, na alikuwa mpole. Ukigombana na mkeo, ulikwenda kwake. Ng'ombe wako akila mpunga wa jirani, ulikwenda kwake. Hakupayuka. Alikuuliza jambo moja, akanyamaza, akakuacha ujisikie mwenyewe ulivyosema. Wengi waliondoka pale wameona haya, lakini wamecheka.

Mkono ulipomkataa, mpini alimkabidhi kijana wake wa kazi, jina lake Kondo. Kondo alikuwa na nguvu, na alikuwa na mama asiyeona. Asubuhi alimpeleka mama mtoni kuoga, akamrudisha, akamwekea uji, ndipo akaenda kushika mwavuli. Mzee Mwinchumu alimfundisha: upepo ukitoka mashariki inamisha hivi, Jumbe akipiga chafya usiruke, na ukichoka badilisha mkono bila kauri kulia.

Kondo akauliza, "Na mimi nikiungua jua, babu?"

"Utaungua," Mzee Mwinchumu akasema. "Ndiyo kazi."

Basi. Ikafika siku ya kufungua mashamba. Siku hiyo Jumbe hutangulia, kijiji humfuata mpaka kwenye majaruba ya mpunga, Jumbe hutupa mbegu ya kwanza, ndipo wengine wapande. Asubuhi ile jua lilikuwa zuri. Ngoma mbele, pu pu pu. Jumbe amejifunga kilemba kipya kilichotiwa nili, buluu iliyoiva, bado inanuka rangi. Kondo nyuma na mwavuli. Cheke, cheke, cheke. Kivuli hicho!

Kipite!

Wakafika katikati ya njia, mbali na nyumba, mbali na mashamba. Wingu likaja kama limeitwa. Mara tone: nd'o. Mara jingine: nd'o, nd'o. Mara mvua yote ikamwagwa, chwaaa. Watu wakatupa majani ya migomba kama sheria ilivyotaka, wakasimama wanalowa kwa adabu.

Sasa, kati ya wale watu alikuwamo mwanamke mmoja, Asumini. Alikuwa mjamzito wa kukaribia kujifungua, na hakutakiwa kuja, lakini ni nani angemzuia Asumini? Alikuwa amejitwika boga la kumpelekea mama yake anayekaa kule mashambani, akajifungulie huko. Mvua ilipoanza, boga likaanguka, pu, likaviringika mpaka miguuni kwa mpiga ngoma. Asumini akashika kiuno. Akakaa chini kwenye tope.

Mkunga wa kijiji akamkimbilia, akamgusa, akainua uso. "Hafiki kwao," akasema. "Wala hafiki kwake. Mtoto yuko njiani."

"Mzalishe basi," akasema mtu.

"Nimzalishe wapi? Huoni maji? Mtoto atazaliwa anaogelea?"

Watu wakatazamana. Hapakuwa na nyumba. Majani ya migomba yalikuwa yametupwa, na maji yanayotiririka njiani yameyachukua. Mvua ilikuwa baridi, na Asumini alikuwa anatetemeka meno yakigongana.

Kondo akamtazama Asumini. Akautazama mwavuli. Akakitazama kisogo cha Jumbe, kikavu, kimetulia. Kisha akachukua hatua moja kando, hatua nyingine, akauinamisha mwavuli, akauchomeka mpini kwenye tope juu ya Asumini. Wanawake wakauzunguka na nguo zao, likawa kama banda. Kondo akarudi mahali pake nyuma ya Jumbe, mikono mitupu.

Jumbe Mwinyipembe akapigwa na tone la kwanza maishani mwake. Likampata puani.

"Kondo," akasema bila kugeuka. "Mwavuli."

"Uko huku, Jumbe."

"Huku wapi?"

"Huku nyuma, Jumbe. Una kazi."

Jumbe akageuka. Na alipogeuka, kile kilemba kipya kikaanza kuachia rangi. Nili ikashuka kwenye paji la uso, ikashuka mashavuni, ikafika kwenye ndevu. Ndevu zikawa za buluu. Watu wakauma midomo. Hakuna aliyecheka. Kucheka kulikuwa hatari.

Jumbe akaona kwamba hakuna anayecheka, na akajua ni kwa nini. Hapo hasira ikampanda.

"Kondo," akasema, "umenivua mbele ya watu. Kesho jua lisikukute huku. Vuka mto, na usirudi. Nimesema."

Kondo akapiga magoti kwenye maji. "Jumbe, mama yangu haoni. Nani atampeleka mtoni?"

"Nimesema," Jumbe akasema.

Ngoma imenyamaza. Neno la Jumbe halipingwi, na kila mtu alijua kwamba anayelipinga huvuka mto uleule. Kondo alikuwa analia, msidhani alikuwa shujaa wa jiwe. Alikuwa analia waziwazi, mvua inamsaidia.

Na chini ya mwavuli, katikati ya kimya kile, sauti ndogo ikatoka: Nga! Nga! Nga!

Mkunga akapaza sauti, "Binti. Mzima. Na mama mzima."

Hapo ndipo Mzee Mwinchumu akafika. Yeye alikuwa nyuma kabisa ya msafara, maana miguu yake ilikuwa na safari zake yenyewe. Akapita katikati ya watu polepole, bega moja juu, bega moja chini, amelowa mpaka mfupani. Akasimama mbele ya Jumbe. Watu wakamwogopea. Mzee wa umri ule, avuke mto aende wapi?

"Jumbe," akasema, "masikio yangu ya kizee. Nimesikia amri imetolewa."

"Imetolewa."

"Sheria yetu inasemaje juu ya amri?"

"Unaijua kuliko mimi," Jumbe akasema. "Aliye chini ya mwavuli, neno lake halipingwi."

"Naam. Hiyo ndiyo niliyofundishwa na babu yako." Mzee Mwinchumu akapangusa maji usoni. "Sasa nisaidie, maana macho nayo yameingia ukungu. Ni nani aliye chini ya mwavuli?"

Jumbe akafungua mdomo. Akainua macho juu ya kichwa chake, akitafuta miyaa, akitafuta pindo jekundu. Akaona mawingu. Mvua ikamwingia machoni.

Akajipangusa uso, kiganja kikatoka cha buluu.

"Mimi," akasema mzee kwa upole, "nimemsikia mtu akisema kwenye mvua. Sote tumo kwenye mvua, na sote tunasema. Amri bado sijaisikia. Turuhusu tukamwulize mwenye nafasi yake."

Kuna mtu alicheka. Hajulikani ni nani. Kicheko kile kilitoka puani, pff, kikakatika. Jumbe alisimama na ndevu zake za buluu. Angeweza kupiga kelele. Lakini sheria ilikuwa ni ile ile aliyoitegemea maisha yake yote, na akiikataa leo, kesho atasimama juu ya nini? Akatikisa kichwa kidogo, kukubali.

Mzee Mwinchumu akainama penye pazia la nguo. Hakuchungulia. Akauliza kwa nje, "Mwanangu Asumini, wewe uliye chini ya mwavuli. Unasemaje juu ya Kondo?"

Sauti ya Asumini ilikuwa imechoka, lakini ilitoka. "Kondo asiende popote. Akae na mama yake."

"Umesema?"

"Nimesema, babu." Kisha akaongeza. "Na huyo mtu aliyesimama nje, mvua inampiga. Mwambieni aingie, nafasi ipo."

Watu wakageuka wakamtazama Jumbe. Neno limetoka chini ya mwavuli. Halipingwi. Hata na Jumbe halipingwi.

Jumbe Mwinyipembe akatembea. Choko, choko, choko, viatu vimejaa maji. Akafika kwenye pazia. Mkunga akamfunulia pembe moja, mkali kama kawaida yake, maana wakunga hawamwogopi mtu ambaye mamake walimjua. "Ingia," akamwambia, "lakini uso ugeukie huko. Na ukae upande wako, usitudondoshee nili yako."

Jumbe akaingia. Akakaa kwenye tope, ameupa mgongo ulimwengu wa wanawake. Akakunja magoti. Mvua juu ya miyaa ilisema ndo ndo ndo ndo, na kauri zikatikisika. Mkunga alikuwa na mikono miwili tu na ilikuwa na kazi, kwa hiyo akamviringisha mtoto ndani ya nguo kavu, akampitishia Jumbe begani, akasema, "Shika."

Jumbe akamshika. Mtoto akamtazama yule mtu wa ndevu za buluu. Akanyamaza kulia. Huenda alistaajabu.

Muda ukapita. Kisha Jumbe akasema kwa sauti ya chini, "Mzee Mwinchumu."

"Naam."

"Hivi ndivyo mnavyokuwa? Kila nikipita?"

"Ndivyo tunavyokuwa, Jumbe."

"Maji yanaingia mpaka shingoni."

"Yanafika na chini zaidi," mzee akasema, na safari hii watu wakacheka kweli, na Jumbe naye akacheka, mtoto akitikisika mapajani mwake.

Mzee Mwinchumu akachuchumaa nje ya pazia, akamwambia jambo alilokuwa ameambiwa na babu yake Jumbe, njiani, siku ya jua kali. Kwamba Jumbe wa kwanza kabisa hakuwa na mwavuli. Aliamua kesi za watu juani. Siku moja alikuja bibi kizee kushtaki, akaishiwa nguvu kwa joto kabla hajamaliza maneno. Mke wa Jumbe akakimbilia jikoni, akachukua kawa, hii tunayofunikia wali, akaichomeka kwenye fimbo ndefu na kumshikia yule bibi juu ya kichwa. Jumbe akasema, "Aliye chini ya kawa hii, mtu asimpinge mpaka amalize." Hivyo ndivyo mwavuli ulivyozaliwa. Ulizaliwa kwa ajili ya aliyeelemewa. Baadaye kawa ikakuzwa, ikatiwa pindo, ikatiwa kauri, ikawa nzuri mno, na kitu kikiwa kizuri mno wakubwa hukisogelea. Kidogo kidogo mwavuli ukahama kichwa.

Jumbe akasikiliza. Kisha akauliza, "Wewe umeushika kwa babu yangu, kwa baba yangu, na kwangu. Umewahi kukaa chini yake?"

"Hapana, Jumbe. Mkono wa mshika mwavuli ni mfupi. Kivuli kinafika mbele, hakirudi nyuma."

"Ingia basi."

Mzee akatazama ndani. Mkunga, mama, mtoto, Jumbe, na boga ambalo mtu alikuwa amelirudisha. "Pamejaa," akasema. "Siku nyingine."

Mbegu ilipandwa siku hiyo hiyo, mvua ilipokatika. Jumbe aliitupa akiwa kichwa wazi. Na Kondo alirudi kwa mama yake kabla ya uji wa jioni, akamsimulia, na mama akataka kusimuliwa tena pale penye ndevu.

Tangu hapo mambo yakabadilika. Mwanamke akishikwa na uchungu, mwavuli unatumwa, cheke cheke cheke, mbio. Mtoto akitolewa nje siku ya arobaini, anatolewa chini ya mwavuli. Bibi harusi akipelekwa kwa mumewe, mwavuli uko juu yake, na siku hiyo neno lake halipingwi, kwa hiyo maharusi wengine walikuwa wanatembea polepole kweli kweli ili siku isiishe. Mgonjwa akibebwa, mwavuli. Mwenye kesi, mwavuli, mpaka amalize. Na Jumbe akasema kila nyumba isuke wake, wenye pindo la rangi yoyote, isipokuwa nyekundu ibaki kwa ule wa watu wote. Siku za mvua ukikaa juu kilimani ulikiona kijiji kimeota uyoga.

Na Jumbe mwenyewe? Alikuwa akiukosa mara nyingi, maana haukukaa nyumbani. Ukimkuta njiani kwenye manyunyu, amejifunika ungo kama mtu mwingine. Ukimwuliza mwavuli uko wapi, anasema, "Una kazi."

Miaka ikaenda. Yule mtoto akakua, meno ya mbele yakatoka mengine yakaingia, mtundu kama mamake. Mzee Mwinchumu akazidi kuzeeka. Kila alipokutana na Jumbe, Jumbe alimwambia, "Njoo basi leo ukae chini ya mwavuli," naye hujibu, "Leo una bibi harusi. Siku nyingine." Au, "Leo una mgonjwa. Siku nyingine." Ikawa mzaha wao.

Masika moja, Mzee Mwinchumu akalala, hakuamka. Alikufa vizuri, amelala ubavu ule wa bega lililoshuka.

Wakamwosha, wakamvisha sanda, wakamweka juu ya jeneza la kuchukulia maiti. Nje mvua ilikuwa inanyesha. Kondo akaleta mwavuli, amevimba macho, akajiandaa kuushika juu ya jeneza. Jumbe Mwinyipembe akasimama mbele yake, akanyoosha mkono.

"Lete," akasema.

"Jumbe, ni mzito."

"Ndiyo maana. Lete."

Akaushika. Hakujua kuushika, kauri zililia hovyo, mpini ulimchoma begani. Akanyoosha mkono mbele kama watu walivyofanya nyuma yake maisha yake yote bila yeye kugeuka. Mwavuli ukamfunika Mzee Mwinchumu mwili wote, kuanzia kichwa mpaka miguu. Mvua ikamwangukia Jumbe. Kilemba kikaachia nili, ndevu zikawa za buluu, na hakuzipangusa.

"Mzee," akasema, "siku nyingine ndiyo leo."

Kisha akainua sauti, naye hakuwahi kuita maishani mwake: "Kivuli hicho!"

Watu walitaka kuitika. Wengi walikuwa wakijipangusa macho kwa pembe za nguo. Jumbe akabaki peke yake na mwito wake. Ndipo sauti moja nyembamba ikatoka kati ya miguu ya watu, ya yule binti aliyezaliwa njiani: "Kipite!"

Na kijiji kizima nyuma yake: "Kipite!"

Hivyo wakaenda naye mpaka makaburini.

Haya, fundisho. Najua mnalingoja mlale. Ukipewa kivuli, angalia ni nani yuko juani. Mwingine yuko nyuma yako hapo hapo, anakushikia, na wewe hujawahi kugeuka. Geuka umwone akiwa hai, usingoje mvua ya siku ya kumzika.

Hadithi yangu imefika hapo, nami naiegemeza ukutani ikauke. Lakini kabla hamjainuka, moja la mwisho, na wewe wa mlangoni nataka nikusikie. Kivuli hicho!

Kipite!